Mwanangu anataka wateja wajihudumie wenyewe. Mizani yangu niipeleke wapi?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma. Nina duka la vyakula nililolifungua pamoja na marehemu mume wangu mwaka 2003, na tangu alipofariki nimeliendesha mwenyewe, nikasomesha watoto watatu kwa sukari, maharage, unga wa muhogo na mawese ya kupima. Kwa miaka yote hiyo duka lilikuwa na kaunta ya mbao ya mninga, mizani juu yake, na pipa la mawese pembeni, vipimo vyake vitatu vya bati vikining'inia kwenye msumari. Mteja alisimama upande wake nami upande wangu, akasema anachotaka, nikampimia.

Mwaka jana kijana wangu wa kwanza alirudi kutoka Dar es Salaam, ambako alisomea biashara na kufanya kazi miaka minne katika duka kubwa. Alinikuta nimechoka, magoti yananisumbua, akaniambia nipumzike, yeye ataliendesha, na kwa hilo namshukuru. Aliibomoa kaunta, akaweka rafu tangu mlangoni hadi nyuma, akafungasha kila kitu katika mifuko ya nusu kilo na kilo moja, mawese akayatia kwenye chupa za nusu lita na lita moja zilizobandikwa bei, na ukutani akabandika namba ya kulipia kwa simu. Mteja sasa anaingia, anachukua kikapu, anazunguka mwenyewe, kisha binti tuliyemwajiri miaka sita iliyopita anapokea malipo. Sikatai kwamba mauzo yamepanda. Walimu, watumishi wa halmashauri na vijana wa bajaji wanalipenda duka lilivyo, na jioni linajaa.

Sasa anataka kwenda mbele zaidi. Kuna kampuni iliyomwonyesha mashine yenye kioo, ambayo mteja anapitisha bidhaa mbele yake mwenyewe, inasoma mistari iliyo kwenye pakiti na kumwambia jumla, naye analipa kwa simu na kuondoka bila kuzungumza na mtu. Bei yake ni shilingi milioni 7, na nusu ya fedha hizo anataka tukope. Mashine ikija, yule binti ataondoka, kwa sababu katika hesabu ya mwanangu mshahara wake ndio utakaolipa mkopo.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Kuna bibi wa Katonga ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akija na chupa yake ndogo aliyoifunga kwenye pindo la kanga, nami nikimpimia mawese ya shilingi 500, tukiulizana habari kwa Kiha, kisha nikimwongezea kidogo juu ya kipimo. Mwezi wa pili tangu kaunta ibomolewe alikuja, akasimama mlangoni akitafuta mahali pa kuegemeza mkono. Mimi nilikuwa ndani namtazama. Aliingia hadi kwenye rafu ya mafuta, akachukua chupa ya nusu lita, akaigeuzageuza, akaitazama chupa yake mwenyewe, kisha akairudisha ile ya dukani mahali pake taratibu, kibandiko kikiwa kimeelekea mbele kama alivyokikuta, akatoka. Kabla sijafika mlangoni alikwisha kuvuka barabara. Hajarudi tena.

Jingine ni daftari la mikopo. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, nyumba 41 zilikula kwa daftari langu, na ziwa lilipofunguliwa zote zililipa isipokuwa tatu. Mwanangu amelifunga. Anasema mashine haitaki mambo ya mikopo.

Nikimweleza haya ananijibu kwa heshima: "Mama, watu wa siku hizi hawataki maswali, wanataka kuchukua na kuondoka." Mimi nakaa kwenye kiti karibu na mlango, na watu wanaingia wakinisalimu kama wanavyomsalimu mgonjwa. Naomba unieleze ukweli: je, ni mimi niliyepitwa na wakati? Nimzuie, au nimwache alifanye atakavyo duka ambalo kesho litakuwa lake?

Mama Duka, Mwanga, Kigoma

*

Mama Duka, waalaykum salaam warahmatullah.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale bibi aliporudisha chupa na kuigeuza ielekee mbele kama alivyoikuta. Nitaanzia hapo, maana naona jibu la swali lako limo kwenye chupa ile.

Kilichotokea dukani kwako kiliwahi kutokea Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakati ule mteja wa huko naye alisimama mbele ya kaunta kama wa Mwanga, akataja anachohitaji, na karani akamletea kutoka kwenye rafu au kumpimia kutoka kwenye pipa na gunia. Mwaka 1916 mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, duka aliloliita Piggly Wiggly, ambamo mteja aliingia kwa kijilango, akachukua kikapu, akapita katikati ya rafu akijichagulia mwenyewe, na kulipa alipofika mahali pa kutokea. Saunders alitaka kupunguza makarani ili apunguze bei, na wateja wakamfuata. Mwaka uliofuata akapewa hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya mpangilio ule wa duka. Sasa fikiri, Mama Duka, ni nani angemruhusu kila apitaye atie mkono wake kwenye gunia la sukari? Mpango wa Saunders uliwezekana kwa sababu viwanda vilikuwa vimekwisha kuanza kufungasha vyakula katika pakiti zenye jina na uzito ulioamuliwa huko huko kiwandani. Mizani ilitangulia kuondoka, ndipo kaunta ikaifuata, na karani naye akafuata.

Hatua nyingine zilikuja kwa mpangilio huo huo. Mistari ambayo mashine ya mwanao inaisoma ilitumika dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, juu ya pakiti ya ubani wa kutafuna, ule ambao watoto wetu wanauita bigijii. Katika miaka ya 1980 zikaanza kuonekana mashine za mteja kujipitishia bidhaa na kulipa mwenyewe. Ukizitazama hatua hizi zote pamoja utaona kwamba kazi ya dukani haikupungua hata kidogo. Kutembea hadi kwenye rafu, kutafuta, kusoma kibandiko, kupitisha bidhaa mbele ya mashine, kufunga mzigo, yote bado yanafanywa, ila yamehamishwa kutoka kwa mwenye duka kwenda kwa mnunuzi, na mnunuzi halipwi. Mwalimu anayepita kwako jioni anaibeba kazi hiyo bila kuihisi, kwa sababu anasoma, simu yake ina salio, na mfukoni ana fedha ya nusu lita. Bibi wa Katonga amekabidhiwa kazi ile ile, na hana hata kimoja cha kuifanyia. Zaidi ya hayo, ana shilingi 500, na katika rafu yako yote ya mafuta hakuna kitu cha shilingi 500. Najua umeumia kwa sababu ya mazungumzo yenu yaliyokatika, na una haki ya kuumia, lakini jambo lililomtoa bibi yule dukani ni kwamba kiasi chake kimefutwa. Mtu anayenunua kwa kupimiwa anahitaji mtu wa kumpimia. Hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja ameshika kipimo na mwingine anakitazama, na mashine yenye kioo haina mahali pa kuiweka.

Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba wewe hugombani na teknolojia, maana hata yeye akikuona unagombana nayo hatakusikiliza. Watu wetu hawaogopi kujihudumia. Umeme wa LUKU, ambao zamani tuliupangia foleni dirishani, leo mtu anaununua usiku akiwa amelala kitandani, na hakuna anayelikumbuka dirisha lile kwa mapenzi. Lakini tazama jinsi huduma za fedha kwa simu zilivyoingia kwetu, baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Zilipita mikononi mwa wakala. Chini ya mwavuli, ndani ya kibanda, kwenye kona ya duka, alikaa mtu wa jirani aliyemsomea mama yake mtu ujumbe ulioingia, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, akamhesabia noti zake mbele ya macho yake na kumwonya asimpe mtu yeyote namba yake ya siri. Mpaka leo, baada ya miaka yote hii, wakala bado yupo, kwa sababu bado kuna watu wanaomhitaji. Mwanao akikuambia kwamba maendeleo ni kumwondoa mtu katikati, mkumbushe ni nani aliyeyafikisha maendeleo hayo mpaka Mwanga.

Hata huko mashine hizi zilikoanza, wapo waliokwisha kusita. Nchini Uingereza kuna kampuni ya maduka ya vyakula iitwayo Booths, ambayo mwaka 2023 ilitangaza kuziondoa mashine za kujihudumia karibu katika maduka yake yote na kurudisha watu kwenye malipo. Uholanzi nako kampuni ya Jumbo ilifungua mwaka 2019, katika duka lake la Vlijmen, sehemu ya malipo kwa wateja wasio na haraka wanaopenda kuzungumza na mpokeaji wa fedha, hasa kwa kuwafikiria wazee wenye upweke, na mwaka 2021 ikatangaza mpango wa kuzifikisha sehemu hizo 200. Mashine bado ni nyingi mno huko, na sitaki umwambie mwanao kwamba zinakufa, kwa kuwa si kweli. Ninachotaka akione ni kwamba maduka yale ya Uholanzi hayakulazimika kuchagua. Anayetaka kuchukua na kuondoka ana njia yake, na anayetaka kusalimiwa ana yake, ndani ya mlango mmoja.

Nije kwenye daftari, ambalo nadhani mwanao hajalielewa kabisa, na pengine wewe mwenyewe hujawahi kulieleza kwa sababu kwako ni jambo la kila siku. Unajua kwamba wavuvi wetu wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali kazi husimama kwa siku kadhaa. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi za Katonga na Kibirizi fedha huja na kuondoka kwa kufuata mwezi wa angani, ilhali mishahara ya watumishi huja kwa kufuata kalenda. Mwanao amelipanga duka kwa kalenda peke yake. Wewe ulikuwa ukijua, bila kuandika popote, kwamba fulani akiomba kilo mbili za unga siku za mwezi mpevu atalipa giza likirudi, na kwamba fulani mwingine hulipa kwa maneno tu. Ujuzi huo uliupata kwa kusimama nyuma ya kaunta na kuuliza habari za nyumbani. Maswali ambayo mwanao anasema watu hawayataki ndiyo yaliyokujulisha nani akopeshwe na nani akataliwe kwa upole. Nyumba 38 kati ya 41 kulipa baada ya ziwa kufungwa miezi mitatu ni jambo ambalo wakopeshaji wengi wenye ofisi wangelitamani, na ningependa ulitamke mbele yake kwa hesabu hizo hizo, bila kulia, kwa sababu amesomea biashara na hesabu ataisikia.

Ushauri wangu basi ni huu. Usimrudishe nyuma kwenye duka la 2003. Rafu zibaki, vikapu vibaki, namba ya malipo ibaki ukutani. Lakini umwombe akupe mita moja na nusu pale pale mlangoni, ulipokaa kama mgonjwa, irudi kaunta fupi yenye mizani, gunia la sukari, gunia la maharage na pipa la mawese na vile vipimo vyako vya bati. Kama mbao za mninga hazijauzwa, zitumike hizo hizo. Nyuma yake pawe na kiti kirefu, ili magoti yako yapumzike huku mikono ikifanya kazi, na yule binti awe anapokezana nawe. Mteja asiyeona kibandiko vizuri, mgeni aliyeshuka Kibirizi kutoka ng'ambo ya Kongo asiyejua bei zetu, mtoto aliyetumwa na noti iliyokunjwa mkononi, wote hao waanzie hapo. Mimi mwenyewe nilijifunza kujumlisha nikiwa mbele ya kaunta ya aina hiyo huko Ujiji, nikihesabu chenji kwa sauti huku mwenye duka akinisubiri nimalize, na ningesikitika kama mtoto wa Mwanga angekosa mahali pa kufanyia hivyo.

Daftari nalo lirudi, lakini kwa utaratibu. Kila nyumba iwe na kikomo, asiyemaliza deni la zamani asiongezewe jipya, na mwanao aliingize kwenye simu yake kila jioni ili lisipotee na ili naye awajue watu. Daftari la karatasi lisitupwe. Mwezi Mei 2024 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilipoharibika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki kwa siku kadhaa, na mwenye kuandika kwa kalamu aliendelea kuandika.

Kuhusu mashine, nakuomba ukatae mkopo kwa sasa, na ukatae waziwazi, kwa kuwa duka bado ni lako na deni litakuwa lako. Kabla ya kulizungumza tena, mwombe afanye jaribio dogo ambalo halina gharama: kwa mwezi mzima, kuanzia mbalamwezi moja hadi nyingine, binti aandike kila siku ni watu wangapi wameingia na kutoka mikono mitupu. Kitabu cha mauzo hakiwezi kumwonyesha mwanao bibi wa Katonga, kwa sababu asiyenunua haandikwi. Pengine ataona ni wachache, na hapo utakuwa umejifunza wewe. Pengine ataona idadi itakayomshtua.

Sasa yule binti. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu katika barua yako ametajwa kama sehemu ya hesabu ya mkopo, naye ni mtu aliyekuhudumia miaka sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu aondolewe kwa sababu ya mashine kwa kuambiwa tu asije kesho. Anapaswa kupewa taarifa ya nia hiyo, aelezwe sababu, na kushauriwa kabla uamuzi haujafanywa. Na kwa kuwa amemaliza miaka sita, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, yaani siku 42, pamoja na notisi na likizo anayodai. Mwanao aliweke hilo nalo kwenye hesabu yake ya milioni 7. Ila mimi ningependa abaki, apandishwe cheo, awe ndiye mtunza daftari na mpimaji, maana wateja wanamjua na anajua nani anaona vizuri na nani haoni.

Limebaki lililo gumu kuliko yote, nalo ni wewe na mwanao. Sidhani kama anajua unavyojisikia kwenye kiti kile. Alikukuta umechoka akataka upumzike, na kila akikuona umekaa nadhani anafurahi moyoni kwamba amekutunza. Usizungumze naye dukani mbele ya wateja, wala usiku akiwa anafunga hesabu. Mngoje siku atakapokuwa ametulia nyumbani, umwambie maneno uliyoniandikia mimi, kwamba watu wanakusalimu kama wanavyomsalimu mgonjwa. Umweleze pia ya bibi, tangu alipoingia hadi alipovuka barabara, usipunguze wala usiongeze. Kisha mwombe akae nawe nyuma ya kaunta fupi siku tatu za mbalamwezi ijayo, akipima kwa mkono wake, ili atakaporithi duka awe amerithi na watu wake.

Mbao zikishapigiliwa, usingoje bibi asikie habari kwa wengine. Panda bajaji hadi Katonga, umpelekee salamu, na umwambie aje na chupa yake, ile ile ndogo, kwa kuwa kipimo cha shilingi 500 kimerudi kwenye msumari wake.